Hela iliyopita pembeni ya bajeti

Barua iliyotoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani tarehe 24 Januari 2025 haikuzunguka: kila mwenye mkataba unaolipwa kwa hela ya misaada ya nje asimamishe kazi, asitumie hela nyingine mpaka aambiwe vingine. Siku nne nyuma Trump alikuwa ameshasaini amri ya kusitisha misaada kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Ilikuwa Ijumaa na watu wengi huku kwetu Tanzania waliichukulia kama habari za Wamarekani na ugomvi wao wa kisiasa. Siku zilizofuata ndo ikaanza kueleweka, maana kuna sehemu watu walifika kliniki ya CTC, ile ya wanaotumia dawa za VVU, wakakuta nesi yupo, dawa zipo kabatini, ila wa kutafuta faili hayupo, wa kuingiza data hayupo, na yule WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU, anayempokea mgonjwa mpya na kukaa nae pembeni kumwelewesha taratibu nae ameambiwa abaki nyumbani. Wote hao walikuwa wanalipwa na mradi.

Tangu hapo mjadala umekwenda pande mbili tu, kuna wanaolia kwamba tutakufa bila mzungu na kuna wanaoshangilia kwamba sasa ndo tutajitegemea, na mimi naona pande zote zinaongelea kiasi cha hela wakati kilichotuumiza zaidi ni njia ambayo hela ilipitia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya misaada, hasa ya Marekani, haikupita kwenye bajeti ya serikali, ilipita pembeni, na huko pembeni ikajenga ajira zake, mifumo yake ya data, magari yake na wakubwa wake. Kwahiyo siku iliyokatwa, pamoja na hela viliondoka vitu ambavyo serikali yenyewe haikuwa na hesabu yake kamili.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la CTC nieleze inavyokwenda, maana bila hiyo picha hii hoja inabaki hewani. Mgonjwa anakuja na kadi yenye namba yake, anaiacha dirishani, kuna mtu anatafuta faili kwenye shelfu, anapimwa uzito, anaingia kwa mtoa huduma, anajaziwa fomu, anaenda dirisha la dawa, anapangiwa tarehe ya kurudi. Baadae kuna mtu anakaa kwenye kompyuta anaingiza yale yaliyojazwa, na mfumo unatoa orodha ya waliokosa tarehe zao. Hiyo orodha ndo kazi yenyewe bana, kwa sababu mtu akikaa wiki kadhaa bila dawa virusi vinapanda na vinaweza kuwa sugu. Orodha anapewa mfuatiliaji, mara nyingi nae ni mtu anayeishi na VVU, anapiga simu, simu isipopatikana anaenda mpaka nyumbani, na anaenda kwa akili sana, anavaa kawaida, anajifanya ndugu au mtu wa kikoba, maana akifika kwa kelele majirani wakajua basi yule mgonjwa harudi tena kliniki. Afu kuna wa pikipiki anayebeba sampuli za damu kutoka zahanati hadi kwenye maabara yenye mashine ya kupima wingi wa virusi na kurudisha majibu.

Sasa uliza katika mnyororo huo nani yuko kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya nafasi za waajiriwa wake. Nesi yupo, mganga yupo, wa dirisha la dawa inategemea na kituo. Wa data, mfuatiliaji, WAVIU mshauri, wa pikipiki, hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa mradi, wengine hata mkataba wa ajira hawana, wanapewa posho ya mwezi. Dawa zenyewe za ARV sehemu kubwa tunanunuliwa na Global Fund, mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na ndo maana kabati halikuwa tupu siku ile. Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, ilikuwa inalipia watu, yaani ile kazi ya kuhakikisha kidonge kinafika mdomoni kwa tarehe yake.

Na tusidharau kilichopatikana. PEPFAR ilianzishwa 2003 wakati wa George W. Bush, kipindi ambacho kwenye vijiji vyetu mazishi yalikuwa kila wiki na watoto walikuwa wanalelewa na mabibi. Serikali ya Marekani inahesabu kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani. Hapa kwetu utafiti wa taifa wa 2022-23 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wanaojua wana VVU, karibu asilimia 98 wako kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94 virusi vimefubazwa. Hizo ni namba kubwa sana, nchi tajiri nyingi zingejivunia, na kuna mamilioni ya Watanzania leo wana wazazi kwa sababu hiyo. Anayesema misaada haijafanya chochote aende akaongee na mama mmoja aliyeanza dawa 2005.

Ndo maana naumia zaidi. Kitu kinachofanya kazi vizuri kiasi hicho kilitakiwa kiwe kimehamia mikononi mwetu kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, wadhifa mmoja baada ya mwingine, na tulikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kufanya hivyo.

Tuangalie hela yenyewe ilivyosafiri. Bunge la Marekani lilikuwa linapitisha, inaenda USAID, shirika la misaada la Marekani lililoanzishwa na Rais Kennedy Novemba 1961, USAID inatangaza zabuni, anayeshinda mara nyingi ni kampuni kubwa au shirika kubwa lenye makao yake kule kule Marekani, maana masharti ya uhasibu na makaratasi ya zabuni ni mazito kiasi kwamba NGO ya Shinyanga haiwezi hata kumaliza kuyasoma. Hilo shirika kubwa linakata gharama zake za makao makuu, linafungua ofisi Dar, linaajiri mkurugenzi wa mradi, linaingia mkataba mdogo na asasi za hapa, asasi zinaajiri watu wa vituoni. Samantha Power alipokuwa mkuu wa USAID alitangaza mwaka 2021 kwamba anataka asilimia 25 ya hela iende moja kwa moja kwa mashirika ya nchi husika ndani ya miaka minne. Haikufika, ilizungukia kwenye asilimia 10 tu. Yaani hata mkuu mwenyewe, akiwa na nia, alishindwa kuugeuza ule mfumo, maana una wenyewe kule kule kwao. Msaada wa chakula nao ni vilevile, sheria yao inataka angalau nusu ya shehena ipande meli zenye bendera ya Marekani hata kama ni ghali kuliko nyingine, na kwa miaka mingi nafaka ilitakiwa itoke kwa mkulima wa Marekani hata pale ambapo ghala la nchi jirani na wenye njaa lilikuwa limejaa mahindi.

Ukifungua vitabu vya bajeti yetu utaona kitu kinachopendeza. Katikati ya miaka ya 2000 misaada na mikopo ya wafadhili ilikuwa inabeba kama asilimia 40 ya bajeti, na baada ya hapo imeshuka sana, na kila mwaka waziri wa fedha akisimama anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba utegemezi umepungua. Ila kitabu cha bajeti kinaonyesha hela iliyopita kwenye bajeti. Ile ya pembeni, mishahara ya wa data, mafuta ya pikipiki, matengenezo ya mashine ya maabara, semina za mafunzo, haipo mle au ipo kwa makadirio tu. Kwahiyo tulikuwa tunajipongeza kwa utegemezi unaoshuka wakati ndani ya sekta kama ya UKIMWI, malaria, uzazi wa mpango, utegemezi ulikuwa unakaa palepale, umebadilisha mlango tu. Wabunge hawakuuona kwa sababu haukuletwa kwao. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hakuukagua wote kwa sababu mikataba ile ilikaguliwa na wenyewe wa Washington.

Na hili halikuanzia kwa Marekani wala halikuanzia kwenye afya. Wazee wanaokumbuka mpango wa maji wa 1971, ule wa kila mwananchi kupata maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, watakumbuka jinsi mikoa ilivyogawiwa. Wafini walichukua Mtwara na Lindi, Wasweden wakachukua mikoa ya ziwa, Mwanza, Mara na Kagera, Wadenmark wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi wakawa Shinyanga na Morogoro. Kila mmoja alikuja na wahandisi wake, ofisi yake, karakana yake, na pampu za mkono za aina yake, kule kusini zikaja Nira za Kifini na Waholanzi nao wakaja na zao. Kwa miaka michache maji yalitoka kweli, watu walichota. Afu mradi ukaisha, mhandisi akapanda ndege, spea ya pampu ya mkoa huu haiingii kwenye pampu ya mkoa ule, idara ya maji ya mkoa haina stoo yake wala fungu la kununua, na kijiji hakijui kimwandikie nani barua. Nchi moja, wizara moja, lakini mhandisi wa maji akihamishwa kutoka Mtwara kwenda Shinyanga ilikuwa kama amehamia nchi nyingine. Waliofika vijijini miaka ya 90 walikuta visima vimesimama na mabomba yamening'inia, na wanakijiji wanakwambia mradi wa Wafini uliisha. Hawasemi kisima chetu kimeharibika.

Wakati wa migogoro hii hakosi mtu anayetukumbusha Mwalimu, na ni sawa, ila tukumbuke vizuri. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipokata msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, Nyerere aliwaambia wachukue na mwingine wote uliobaki. Desemba mwaka huohuo akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Alijua na alilipa. Azimio la Arusha la 1967 likaja kusema wazi kwamba zawadi na mikopo vinaweza kuhatarisha uhuru. Lakini ni serikali hiyohiyo iliyogawa mikoa kwa wafadhili miaka michache baadae, kwa sababu kiu ya wananchi ilikuwa kubwa na hela haikuwepo, na siwezi kumlaumu mtu aliyechagua maji. Ninachosema ni kwamba kukataa msaada uliokuja kama mkopo au ndege au wakufunzi wa jeshi inawezekana kwa hotuba moja. Msaada ulioingia mpaka kwenye dirisha la zahanati huwezi kuukataa kwa hotuba, unahitaji ratiba ya miaka.

Tulishaambiwa pia. Mwaka 1994 wafadhili walisitisha hela kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyokuwa inatolewa hovyo na makusanyo kuvurugika, uhusiano ukawa mbaya kweli, mpaka ikaundwa timu huru ya wataalamu chini ya Gerald Helleiner, mchumi wa Kanada, na ripoti yao ya 1995 iliziambia pande zote mbili ukweli. Serikali iliambiwa isimamie mapato na ipambane na rushwa, wafadhili wakaambiwa waache kuendesha nchi ya watu na wawaachie Watanzania usukani wa mipango yao. Ile ripoti ilizaa mambo mazuri. Wafadhili wengi wakaanza kuweka hela moja kwa moja kwenye bajeti, 1999 ukaanza mfuko wa pamoja wa afya ambapo nchi kadhaa zinachangia chungu kimoja, na 2006 ukaja mkakati wa pamoja wa misaada ambao kati ya vitu vingine uliwaomba wafadhili wasilete ujumbe wao kipindi cha kuandaa na kupitisha bajeti, ili maafisa wa hazina na wizara wapate nafasi ya kufanya kazi yao badala ya kupokea wageni. Fikiria nchi imefika mahali inaomba kwa maandishi iachwe ipumue.

Mfuko wa pamoja ndo mfano ninaoupenda zaidi na watu hawauongelei. Hela yake inaingia kwenye mfumo wa serikali, na kuanzia 2017/18 inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, zahanati ya kijijini ina akaunti yake, ina mpango wake, kamati ya kituo yenye wanakijiji inakaa na mganga mfawidhi wanaamua wanunue nini, dawa zilizokosekana MSD, bohari ya dawa ya serikali, tenki la maji, kukarabati wodi ya wazazi. Ni hela ndogo ukilinganisha na ile ya Wamarekani. Ila mganga mfawidhi amejifunza kuandika mpango na kutunza hesabu, mhasibu wa halmashauri anaiona, CAG anaikagua, na siku mfadhili mmoja akitoka wengine wapo na utaratibu unabaki. Marekani haikuwahi kuingia kwenye chungu hicho kwa sababu sheria na siasa zao zinataka kila dola ionekane ilikokwenda na bendera yake juu.

Hapa lazima tuwe wakweli, wafadhili hawakukimbilia pembeni kwa kiburi tu. Kashfa ya EPA, ile akaunti ya madeni ya nje, ilitokea, shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwa makaratasi ya uongo na gavana akaondolewa Januari 2008. Kashfa ya Escrow, ile ya hela za umeme zilizokuwa Benki Kuu, ilitokea, na 2014 wafadhili wakazuia karibu dola milioni 500 za bajeti, na baada ya pale ule utaratibu wa kuweka hela moja kwa moja kwenye bajeti haukuwahi kurudi kwenye nguvu yake. Kila kashfa ya Dar ilimpa hoja mtu wa Washington au London anayetaka hela ipite kwa kontrakta wake. Mwizi mmoja wa benki kuu alimfukuzisha kazi mfuatiliaji wa CTC wa Geita miaka kumi kabla huyo mfuatiliaji hajaajiriwa, kwa maana ya kwamba kazi yake ilikuja kuundwa nje ya serikali kwa sababu serikali haikuaminika.

Na sisi wenyewe tulizoea ule utamu. Mradi unapokuja wilayani mganga mkuu wa wilaya anajua kuna semina, kuna posho, kuna usafiri, kuna gari jipya la usimamizi shirikishi. Mtaalamu mzuri wa takwimu aliyesomeshwa na serikali anaacha kazi halmashauri anaenda mradini kwa sababu mshahara ni mara mbili au tatu, halafu mradi huohuo unarudi halmashauri kutoa mafunzo ya takwimu. Kuna watu wazima na akili zao wanakaa kwenye kikao cha mpango wa wilaya wanaulizana mwaka huu partner atatusaidia eneo gani, na yale maeneo ambayo partner anayo wanayaacha bila fungu kabisa. Simlaumu mtumishi anayetafuta posho, mshahara wake anaujua mwenyewe. Ila mkurugenzi na wizara walioacha maeneo mazima bila fungu miaka 20 mfululizo hao nawalaumu.

Hapohapo ndo sikubaliani na Uhuru Kenyatta, rais wa zamani wa Kenya. Alisema Mombasa, siku chache baada ya ile amri ya Trump, kwamba watu wasilie, ile sio serikali yao, hawalipi kodi kule, hakuna sababu ya kupewa kitu. Kuhusu hela ya Mmarekani ana haki asilimia mia. Lakini waliolia hawakuwa wanalilia zawadi, walikuwa watu wenye dawa ndani ya miili yao ambao hawajui mwezi ujao nani atawapigia simu, na swali lao lilitakiwa lijibiwe na viongozi wa kwao, akiwemo yeye aliyeongoza miaka 9, kwamba huo mnyororo mlipanga uhamie kwetu lini. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja Aprili 2001 kwamba watatenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Robo karne imepita. Sisi Tanzania hatujafika na majirani zetu wengi hawajafika.

Kilichofuata baada ya Januari mnakijua. Tarehe 28 Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatoa ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha, ila ruhusa bila hela kwenye akaunti haimrudishi mtu kazini, na mifumo ya malipo ya USAID ilikuwa imeshafungwa na watu wake wameshaondolewa. Tarehe 10 Machi akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai 2025 shirika likaacha kufanya kazi, mabaki yakaenda Wizara ya Mambo ya Nje. Uingereza nayo inashusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, wakati lengo la Umoja wa Mataifa tangu 1970 ni 0.7 na wao wenyewe walishawahi kulifikia. Wajerumani na Waholanzi nao wanapunguza. Kwahiyo anayesubiri uchaguzi mwingine wa Marekani ili mambo yarudi kama zamani anapoteza muda.

Serikali yetu kwa upande wake ilijibu kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2025 kwa kupendekeza tozo kwenye pombe, mafuta, tiketi, magari na madini, asilimia 70 iende Mfuko wa UKIMWI na 30 bima ya afya kwa wote. Nimeunga mkono na naendelea kuunga mkono hata kama mafuta yanapanda, kwa sababu kodi ninayoilipa nina haki ya kuiuliza. Mfuko huo upo tangu 2015 na kwa miaka kumi ulikuwa unaishi kwa vijihela vya hapa na pale. Nachotaka kuona ni matumizi yake yamechapishwa kwa wilaya, tujue Mbeya na Njombe, ambako maambukizi yako juu, wamelipa wafuatiliaji wangapi.

Na sasa kuna jambo jipya ambalo linatakiwa litufungue macho. Marekani imetoa mkakati mpya wa afya Septemba 2025, na moja ya mambo yake makubwa ni kuacha kupitisha hela kwa yale mashirika makubwa na kufanya makubaliano na serikali moja kwa moja, kila upande ukiweka chake. Kenya ilikuwa ya kwanza kusaini, tarehe 4 Desemba 2025 Washington, Marekani ikiahidi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano na Kenya kuongeza dola milioni 850 za kwake. Rwanda na Uganda zikafuata mwezi huohuo. Ukiniuliza mimi, njia hii ndo tuliyokuwa tunaililia tangu ripoti ya Helleiner, hela ipite serikalini. Ila imekuja kwa haraka, imekuja kwa mazungumzo ya siri, na inadai vitu. Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kipande cha kubadilishana data za wagonjwa ndani ya siku chache tu baada ya watetezi wa walaji kwenda kulalamika, na walifanya vizuri sana. Taarifa za mtu kwamba ana VVU, anatumia dawa gani, anaishi wapi, haziwezi kuwa sehemu ya bei.

Kwa Tanzania hali ni ngumu zaidi kwa sababu Desemba hiyohiyo Marekani ilitangaza inapitia upya uhusiano wake wote na sisi baada ya yaliyotokea kwenye uchaguzi wa Oktoba 29. Sijui wataamua nini na sitaki kujifanya najua. Ninachojua ni kwamba 2016 walishatufutia awamu ya pili ya MCC, mfuko wao wa misaada ya maendeleo, dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iliyojengwa kwa awamu ya kwanza iliendelea kupitika siku iliyofuata na inapitika hadi leo, kwa sababu lami ikishamwagwa ni ya TANROADS, wakala wetu wa barabara. Hela ya MCC ilikuwa na masharti kama nyingine zote. Ila ilinunua kitu ambacho kinabaki kwetu hata wakinuna, wakati hela ya mishahara ya pembeni inanunua mwezi mmoja tu kwa wakati.

Kwahiyo iwe tutasaini na Marekani au hatutasaini, iwe wanabaki Global Fund na Waswisi na Wairishi peke yao, kuna mambo ambayo mbunge yeyote wa kamati ya afya anaweza kuyadai Dodoma bila kusubiri ruhusa ya mtu. Adai orodha ya kila nafasi ya kazi iliyokuwa inalipwa na miradi kwenye vituo vya serikali, halmashauri kwa halmashauri, mwenye data, mfuatiliaji, mtu wa maabara, wa pikipiki, na mbele ya kila nafasi iandikwe inahamia kwenye ikama mwaka gani au inafutwa. Adai kibali cha ajira cha Utumishi kwa wale WAVIU washauri na wahudumu wa ngazi ya jamii ambao wamefanya kazi hii miaka kumi bila kuitwa watumishi. Seva za data za wagonjwa ziwe za wizara, ziko nchini, na atakayetaka kuziona aombe. Na makubaliano yoyote ya hela ya nje ya afya yaletwe bungeni yakiwa hayajasainiwa, na CAG apewe mamlaka ya kukagua mpaka senti iliyokatwa na makao makuu ya kontrakta.

Orodha ya kwanza, ile ya nafasi za kazi, haigharimu chochote zaidi ya waganga wakuu wa wilaya kukaa na wahasibu wao wiki moja. Wanaijua. Majina ya waliorudishwa nyumbani Januari ile wanayo kwenye simu zao.